Ni geto linaloninywesha, au ni mimi mwenyewe?

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni kijana wa kiume, nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nyumbani ni Iringa vijijini. Naomba jina langu lisitajwe, maana baba yangu mdogo ni msomaji wako na jambo lenyewe linamhusu.

Mwaka wa kwanza nilikaa hosteli, tukiwa wanne chumbani. Pombe ilikuwa marufuku na mlinzi wa getini alikuwa anapekua mabegi, hivyo bia haikuingia. Kilichoingia ni pombe kali, vile vichupa vidogo vinavyofichika hata kwenye soksi. Nilionja mara chache, hasa mitihani ikiisha. Sikuwa mnywaji.

Mwaka wa pili sikupata chumba, kwa sababu wanaoanza chuo ndio wanaopewa kipaumbele. Mimi na wenzangu wawili, ambao tulisoma wote kidato cha tano na sita, tukapanga chumba na sebule maeneo ya Ubungo. Kodi ni 150,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo kila mtu alitakiwa kutoa 300,000. Bumu langu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa halijatoka. Mmoja wa wenzangu, tunayemwita Mkubwa kwa sababu ametuzidi umri, akanilipia yote na hakunisumbua hata siku moja mpaka nilipomrudishia.

Geto letu lina sebule, lina sabufa, na mwenye nyumba haishi pale. Darasa zima wamelifanya kambi. Ijumaa jioni watu wanaanza kuingia mmoja mmoja, kila mtu na alichobeba. Meza yetu ni makreti mawili ya bia yaliyopandanishwa na kufunikwa kanga. Hapohapo ndipo ninapoweka kompyuta nikitaka kusoma, na saa nyingine inabidi nifute kwanza pombe iliyomwagika ndipo nifungue daftari. Mwanzoni ilikuwa Ijumaa tu. Ikaja Jumatano kwa sababu ya mpira. Sasa hivi hakuna siku maalumu, akipita mtu na chupa tunakaa.

Semesta iliyopita nilikosa testi ya asubuhi kwa kuwa sikusikia alamu, nikaishia na sapu mbili, yaani mitihani ya marudio. Mama sijamwambia. Mama yangu anauza ulanzi na maharage, na pesa hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha sita. Pombe kwetu si kitu cha ajabu, nimekulia kilabuni nikimsaidia kuosha vikombe. Ndiyo maana sielewi kwa nini inishinde huku.

Kinachonitisha ni usingizi. Siku hizi nisipokunywa nakesha. Kuna wikiendi wenzangu wote wawili walisafiri, geto likawa kimya. Nilifurahi kwamba nitapumzika. Lakini ilipofika saa nne usiku nilivaa ndala nikaenda grosari mwenyewe, nikanunua kichupa kimoja tu, nikanywa kitandani, nikalala.

Sasa baba mdogo amenipigia simu. Anaishi Chanika, ni mzee wa kanisa, na kwake pombe ni dhambi isiyo na mjadala. Amesema ameona kodi zinaniumiza, nihamie kwake nikae bure, nitalala chumba kimoja na wadogo zangu. Hajui kama nakunywa. Kutoka Chanika hadi chuoni ni mbali, nitatakiwa kuamka alfajiri sana na jioni nitakosa kudiskasi na wenzangu. Kodi yetu inaisha mwezi wa tatu. Nilipowagusia wenzangu, Mkubwa aliniuliza, "Kwa hiyo unatukimbia?" Hawana mtu wa kuziba nafasi yangu. Yule mwingine ananiambia nitulie, eti kila mwanachuo anakunywa, tukihitimu tutaacha.

Nihame au nibaki? Nikihama, nimwambie baba mdogo ukweli? Na je, nikiondoka pale nitaacha, au tatizo ni mimi na nitakwenda nalo popote?

Msomaji, Dar es Salaam

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake umeniandikia mambo mawili ambayo wengi hawayaandiki: kwamba meza unayosomea ni makreti ya bia, na kwamba usiku ule geto lilikuwa kimya na bado ulivaa ndala ukatoka. La kwanza linaishtaki nyumba. La pili linakurudia wewe. Naona umeyaweka yote mawili makusudi ili nisikujibu kirahisi, na sitakujibu kirahisi.

Nikikuelewa vizuri, umesimama kati ya geto ambalo pombe imekuwa mwenyeji wake na nyumba ya ndugu ambayo pombe haitajwi kabisa. Ukibaki unaogopa masomo yatakupotea. Ukiondoka unaogopa kuonekana msaliti kwa mtu aliyekusitiri ulipokuwa huna kitu, na unaogopa kuingia kwa baba mdogo na siri. Chini ya hayo kuna hofu nyingine, kwamba labda utahamisha godoro na shida ikakufuata.

Swali lako la mwisho watafiti wa Marekani wamelihangaikia kwa miaka mingi. Kule wamekuta tena na tena kwamba mwanafunzi anayeishi kwa wazazi hunywa kidogo kuliko anayeishi bwenini, na wanaoishi kwenye nyumba za vyama vya wanafunzi wa kiume ndio wanaoongoza kwa kunywa. Ukiishia hapo utasema kosa ni la nyumba. Lakini mpenda pombe naye huchagua kuishi penye pombe, kwa hiyo utajuaje kipi kilianza? Wachumi wawili, Michael Kremer na Dan Levy, walipata njia ya kulijua hilo. (Kremer ndiye huyo aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, na majirani zetu wa Busia, Kenya, wanamfahamu kwa kazi yake ya dawa za minyoo mashuleni.) Walichukua chuo kikuu kimoja ambako wanafunzi wapya walipangiwa wenzao wa chumbani kwa bahati nasibu, bila mtu kumchagua mtu. Vijana wa kiume waliopangwa na mwenzao aliyekuwa akinywa kabla ya kuja chuoni walishuka kwa wastani wa robo ya pointi ya GPA, yaani wastani wa alama za masomo, na huko GPA ya juu kabisa ni 4. Na wale ambao wenyewe walikuja wakiwa wanywaji wa mara kwa mara, wakapangwa na mnywaji wa mara kwa mara, walishuka theluthi mbili ya pointi. Kwa wasichana hawakukuta athari hiyo.

Ubungo si Marekani, na ninyi mlichaguana. Hata hivyo nimekuletea habari hii kwa sababu inakataa majibu yote mawili uliyoniwekea mezani. Mwenzako wa chumbani ana nguvu juu yako hata kama hukumchagua, lakini nguvu hiyo inamwelemea zaidi aliyekuja na lake. Kijinga cha moto kikiwa peke yake mara nyingi hujizimikia. Viwili vikiegemeana vinawaka. Kwa hiyo swali la "ni geto au ni mimi" huenda halikusaidii sana. Ningependa ujiulize geto linakufanyia nini hasa, na wewe ulikuja na nini.

Tuanze na geto. Nyumba haimtilii mtu pombe mdomoni, ila inaamua mambo mengi kabla yeye hajaamua. Hosteli ilikuwa na mlinzi, na ulivyoeleza, mlinzi hakuimaliza pombe, aliibadilisha sura tu: bia ikabaki nje kwa kuwa haifichiki, kikali kikaingia. Mantiki hiyohiyo ilikuwepo Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, kuanzia Machi 1, 2017. Pombe kali ya bei ndogo inayokaa mfukoni humfikia kijana mahali ambapo chupa kubwa haifiki. Getoni hakuna mlinzi, hakuna mwenye nyumba, na hakuna saa ya kufunga. Grosari hufunga na baa hukudai pesa, lakini sebule yenu haifanyi yote mawili. Halafu kuna pesa yenyewe. Fedha ya kujikimu hupangwa kwa siku, na mwaka 2022 ilipandishwa kuwa shilingi 10,000, lakini haiji kwa siku, inakuja kwa mkupuo. Wiki ya bumu mnajiona matajiri, na mtu aliyekunywa wiki ile kwa pesa yake ataendelea kunywa wiki zinazofuata kwa pesa ya mwenzake, kwa sababu ya undugu wa getoni. Sidhani kama kuna aliyekusudia iwe hivyo.

Umesema pombe kwenu si kitu cha ajabu, na hapo ninataka tukae kidogo. Unaona ajabu kwamba kijana aliyekulia kilabuni ashindwe na pombe ya mjini. Mimi naona kilabu cha mama kilikuwa na vitu ambavyo geto halina. Ulanzi una msimu wake. Mvua zikiisha, unapungua hata kama kiu ipo. Watu waliukuta mchana, wakinywea mbele za wazee, na mnywaji alipozidiwa na mkangafu, yaani ulanzi uliochacha ukawa mkali, kulikuwa na mtu wa kumwambia aende nyumbani, pengine mama yako mwenyewe. Ulilelewa karibu na pombe iliyokuwa na watu wa kuiangalia. Huku hakuna anayeangalia, ila vijana watatu wa rika moja, na kila mmoja anaona aibu kuwa wa kwanza kusema tuishie hapa.

Kuhusu rafiki yako anayesema kila mwanachuo anakunywa, nadhani anasema anachokiona kwa macho yake. Ila Ijumaa sebuleni kwenu wanakuja wanywaji tu. Wasiokunywa wako vyumbani kwao, na hakuna anayewahesabu. Mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz walionyesha jambo hilohilo katika chuo kimoja cha Marekani: wanafunzi walidhani wenzao wanaukubali ulevi kuliko wenzao hao walivyoukubali kweli. Jaribu kitu kidogo. Pitisha orodha ya darasa lenu kichwani, jina kwa jina, na usihesabu wanaokuja getoni tu. Sina shaka utakutana na majina ambayo hujawahi kuyaona na chupa.

Sasa wewe. Unaandika "kichupa kimoja tu", na hilo "tu" limenikaa. Kama ni kichupa cha mililita 200 cha pombe ya asilimia 35, ndani yake kuna mililita 70 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina mililita 25. Usiku ule kitandani ulikunywa sawa na karibu bia tatu, kwa haraka, bila mtu wa kuzungumza naye. Sikuambii hivi kukutisha. Nataka tu unapopima hali yako uipime kwa kipimo cha kweli. Shirika la Afya Duniani lina kipimo kinachoitwa AUDIT, maswali 10 unayoyajibu kwa dakika chache. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 40, na kuanzia 8 kwenda juu huwa ni ishara kwamba unywaji umeanza kuwa wa hatari. Mhudumu wa afya anaweza kukupa, na hukumu haimo, ni namba tu ya kuanzia mazungumzo.

Na usingizi. Pombe kweli inakulaza upesi, lakini inauvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, kwa hiyo unaamka umechoka, mchana unasinzia, usiku unakodoa macho, unakunywa tena. Pengine hata alamu uliyoikosa siku ya testi ni sehemu ya mzunguko huo. Lakini naomba nikuulize: kabla ya pombe kuwa dawa ya usingizi, ni kitu gani kilikuwa kinakukesha? Umetaja sapu mbili na mama asiyejua kwa sentensi fupi sana, ukapita haraka. Kijana anayesomeshwa kwa pesa ya ulanzi na maharage anabeba mzigo mzito akifeli. Kama hicho ndicho kinachokuamsha, kitakukuta Chanika pia.

Tuje kwenye hiyo Chanika. Mazuri yake unayaona: hakuna kodi, hakuna sebule ya Ijumaa, kuna chakula cha jioni na watu wa kukusalimu ukirudi. Hatari zake usizidharau. Safari ndefu ya daladala inakula muda wa kusoma na muda wa kulala, na wewe tayari una shida ya usingizi. Hatari nyingine ni ya siri. Mahali ambapo pombe haitajwi, anayekunywa hujifunza kujificha, na umeniambia hosteli ilikufundisha unywaji gani: kidogo kwa ujazo, kikali, cha upesi. Kwa hiyo swali la kuhama na swali la kumwambia baba mdogo ukweli naona hayawezi kutenganishwa. Ukihama bila kusema, akagundua siku ya mvua kubwa umerudi unanuka, maneno yatakuwa makali mbele ya wadogo zako. Ukisema kabla, anaweza kusita, au anaweza kufunga mlango, au anaweza kukushangaza. Wazee wa kanisa wengi wameshakaa na familia zenye walevi kuliko tunavyodhani. Wewe ndiye unayemjua ni wa aina gani. Kama uso kwa uso ni vigumu, kuna mama mdogo. Kwetu mambo mazito mara nyingi hupitia jikoni kabla ya kufika sebuleni.

Kubaki nako kunawezekana, ila si kwa kunyamaza. Ungeweza kuwaketisha wenzako wawili mchana, wakiwa hawajanywa, ukawaambia ulichoniambia mimi: sapu, usingizi, usiku wa grosari. Usiwaambie wao ni walevi. Waombe jambo moja linaloshikika, kwa mfano wageni wa Ijumaa wahamie kwingine hadi mitihani ipite, au makreti yatoke na inunuliwe meza. Hatari ni kwamba watakubali Jumatatu na Ijumaa mlango utagongwa kama kawaida. Lakini hata wakikataa utakuwa umejua jambo ambalo sasa hulijui. Na usishangae ukimkuta mmoja wao alikuwa anasubiri mwenzake aanze.

Kuna wanaochukua njia ya kubebana hosteli, yaani kulala kwa siri kwenye kitanda cha mwenzako, na labda umeliwaza hilo. Ni rahisi kwa wiki chache, lakini unaishi kwa wasiwasi wa kukamatwa na unamweka hatarini mwenye kitanda. Wengine hupanga chumba cha peke yao. Hapo kelele hazipo, ila kwa ulivyoeleza ule usiku wa kimya, ningependa ufikirie mara mbili kabla ya kuchagua kuwa peke yako.

Neno juu ya Mkubwa. Alikulipia kodi ulipokuwa huna, na hilo ni deni la heshima hata baada ya kurudisha fedha. Lakini nina shaka kama alikulipia ili umlipe kwa kunywa naye. Huenda "unatukimbia" yake ni hofu ya kodi ya mwezi wa tatu, na hofu ya kodi inajibiwa kwa kutafuta mtu wa kuchukua nafasi yako mapema na kumwambia tarehe yako bila kumzungusha. Au huenda ni hofu ya kubaki na chupa bila wewe. Ukimuuliza kwa upole unaweza kujua ni ipi.

Katika yote haya, lipo moja lisilosubiri uamuzi wa nyumba. Chuo chenu kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na vyuo vingi vina mtu wa ushauri nasaha ambaye hupeleki kwake kesi ya nidhamu, unapeleka shida. Mwambie habari za usingizi na sapu kwanza kama za pombe zinakuwia vigumu, zitafuata zenyewe. Mama naye utaamua lini umwambie. Amekaa na wanywaji maisha yake yote, na sidhani kama utamwambia kitu kitakachomshtua kuliko kukigundua kwenye matokeo.

Mwisho, la kiafya. Ukiamua kupunguza au kuacha, angalia mwili wako siku za mwanzo. Kama asubuhi mikono inatetemeka, unatokwa jasho bila joto, moyo unakwenda mbio, na vinatulia ukinywa, usiache ghafla peke yako. Kuacha kwa ghafla kwa mtu ambaye mwili wake umezoea kunaweza kuleta degedege. Nenda hospitali umweleze daktari unakunywa nini, kiasi gani na kwa muda gani, bila kupunguza hesabu. Na Ijumaa ijayo, kama bado upo getoni na mtu amezidiwa hadi haamki, mlazeni ubavu ili akitapika asipaliwe, msimwache peke yake, msimmwagie maji wala kumpa kahawa, na kama anapumua kwa kusuasua au mwili umekuwa wa baridi, tafuteni gari la kumpeleka hospitali usiku huohuo.